Panya Aliyekunywa Samli ya Lakshmi

Umewahi kumwona panya akinywa samli ya mungu?

Hujaona. Mimi nimemwona, kwa macho haya haya ambayo leo hayawezi kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa amekaa juu ya ukingo wa taa, mkia umening'inia nje kama utambi wa pili. Anainama, anakunywa, anainuka, anafuta masharubu. Alikunywa kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba akamwambia ongeza. Na ile taa ilikuwa ndiyo taa isiyozimika, inayojulikana mji mzima.

Lakini nikianza na panya nitawachanganya. Nianze na nyumba.

Niliolewa mtaa wa wafua shaba, katika mji mdogo wa eneo la Kathiawar, na mtaani kule mtu hahitaji saa. Asubuhi nyundo zinaanza, adhuhuri zinanyamaza watu wale, alasiri zinaanza tena. Watoto wa mtaa ule wanazaliwa wakipiga kelele na wanaendelea hivyo hivyo mpaka uzee, kwa sababu ukisema polepole hakuna atakayekusikia. Hata msibani wanapeana pole kwa kupayuka. Baba mkwe wangu, Odhavji, alikuwa fundi wa taa, na sikio lake la kulia lilikufa kwa nyundo tangu ujana. La kushoto lilikuwa zima, ila lilichagua. Ukimwambia samli imekwisha, halisikii. Ukimsifu kwa kunong'ona, wewe uko uani naye yuko barabarani, linasikia. Tena alikuwa mtu wa ugoro. Kidole gumba chake na cha shahada vilikuwa vya kahawia, na kila alichokishika kilibaki na vumbi lake: mlango, kikombe, hata utosi wa mtoto aliyembariki. Watoto wa mtaa wetu walibarikiwa huku wakipiga chafya.

Taa yenyewe ilikaa chumba cha ibada, ndani ya shubaka, chini ya picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Ilikuwa ya shaba nzito, juu yake tausi aliyevunjika kishungi kimoja, na mimi ndiye niliyemsugua tausi yule kwa ukwaju na majivu kila mwezi mpya, kwa hiyo namjua mpaka kucha. Moto wake, kwa maelezo ya baba mkwe, uliletwa na babu wa babu yake kutoka hekalu la juu ya mlima Girnar, kwa miguu, ndani ya kikombe cha udongo, na tangu siku hiyo haujapata kuzimika. Kila Diwali, jua likishatua, mtaa mzima ulikuja na vitaa vyao vya udongo kuchukua moto wetu wa kuwashia majumbani, na kabla ya kugawa, baba mkwe alisimulia safari ile. Mwaka niliofika, babu alikutana na manyunyu njiani. Mwaka wa pili manyunyu yakawa dhoruba, na simba mmoja wa msitu wa Gir akakaa pembeni kumpisha. Mwaka wa tatu simba wakawa wawili, dume na jike, na lile jike, alisema, liliinamisha kichwa.

Mama mkwe alinisogelea ndani ya ushungi wake akaninong'oneza, "Mwakani watamtandikia mkeka."

Mama mkwe wangu huyo aliitwa Jivkor, na ndiye aliyekuwa mlinzi wa taa. Nyumbani kwetu taa inalindwa na mwanamke mkubwa wa nyumba, kama alivyoachiwa na mkwe wake. Samli ya ile taa inatosha kutoka mlo mmoja hadi mwingine, haizidi. Kwa hiyo Mama alikuwa akilala usingizi wa kuku, jicho moja limefumba na jingine linasikiliza utambi. Unaweza kudhani utambi hauna sauti. Unayo. Ukikaribia kukauka unatoa mlio mdogo kama mtu anayetafuna mbegu ya bizari, na Mama alikuwa akiusikia kutoka chumba cha pili. Hakuwahi kulala nje ya nyumba ile tangu alipokabidhiwa kijiko cha samli. Mama yake mzazi alipofariki, alikwenda kwa basi la asubuhi akarudi kwa basi la jioni. Alilia ndani ya basi, kwenda na kurudi, ili asiwacheleweshe waombolezaji.

Nilimwambia mara nyingi, "Mama, niachie mimi siku mbili tatu. Nina macho, nina mikono."

"Wewe bado mwali," alinijibu. "Ikizimika mikononi mwako watasema umeingia na mguu mbaya, watakurudisha kwenu na masufuria yako. Mimi wakinisema, nimeshazeeka, sina pa kurudishwa."

Sasa, Mama alikuwa na dada yake mkubwa, Monghi, aliyeolewa Porbandar, nyumba inayotazama bahari. Mtoto wa Monghi, Ramnik, alikuwa kondakta wa basi la Porbandar, na basi lile lilisimama kila asubuhi njia panda ya mtaa wetu. Kila mwaka Diwali ikikaribia Ramnik alikuja mbio mpaka mlangoni, pochi ya tiketi inamrukaruka tumboni, akapayuka:

"Mama mdogo! Mama anauliza, unakuja au huji?"

"Mwambie nakuja!"

"Lini?"

"Taa ikinipa ruhusa!"

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo!"

"Na taa ni ile ile!"

Wakacheka, Ramnik akakimbilia honi ya dereva. Ulikuwa mchezo wao. Lakini mwaka ninaousema, siku mbili kabla ya Diwali, Ramnik hakupayuka mlangoni. Alivua viatu, akaingia jikoni, akakaa chini, akaomba maji. Mama alikuwa anakaanga chevda, kile kitafunio chetu cha sikukuu, mimi nakatakata nazi kavu.

"Mama mdogo," alisema, "mama ana mtoto wa macho. Yote mawili. Sasa ananijua kwa sauti tu."

Mama aliendelea kukoroga.

"Anasema uje kabla hajasahau sura yako. Anasema usingoje mpaka afike mahali pa kukupapasa kama biringanya sokoni."

"Amesema hivyo? Biringanya?"

"Amesema hivyo."

"Mjinga yule," alisema Mama. "Tangu utotoni ananiita biringanya." Halafu akajaza kopo chevda, akafunga kifuniko, akampa. "Mpelekee. Mwambie... mwambie pilipili nimepunguza."

Ramnik alipoondoka, Mama alitoka akasimama kizingitini. Alisimama mpaka honi ya basi ikapotelea upande wa barabara kuu. Mimi niliendelea kukata nazi yangu, kwa sababu kuna mambo mkazamwana haulizi. Chevda iliyobaki kaangoni iliungua. Katika miaka yangu yote na Mama, ndiyo mara pekee niliyoona chevda yake imeungua.

Basi ikafika siku ya Diwali yenyewe. Tulikuwa tumeamka kabla ya majogoo. Tumepaka sakafu, tumechora maua ya unga wa rangi kizingitini, tumechora nyayo ndogo za Lakshmi zikielekea ndani, na moja nilikosea ikaelekea nje nikaifuta kwa sari kabla mtu hajaona, maana tajiri yule akitoka harudi upesi. Alasiri wanaume walikwenda kunyoa na kununua fataki. Nyundo zilikuwa zimelala, na mtaa ukiwa kimya unasikia mpaka njiwa wanavyogombana. Mama alikaa sakafuni mbele ya shubaka, mgongo ukutani, anasokota pamba juu ya paja kutengeneza tambi za jioni. Mimi nilikuwa uani naloweka vitaa vipya vya udongo kwenye maji, maana kitaa kikavu kinakunywa mafuta yote na mwenyewe kubaki gizani.

Niliingia na sinia la vitaa, ndipo nikamwona. Mama amesinzia, kidevu kifuani, pamba mkononi. Na mheshimiwa yule juu ya ukingo wa taa, anakunywa.

"Mama! Panya!"

Laiti ningenyamaza, pengine angemaliza kinywaji chake akaenda zake. Alishtuka, akauuma utambi kwa nyuma, pale palipolowa samli, akauchomoa wote, akaruka nao. Ulipita mbele ya macho yetu ukiwaka, kisha ukifuka, kisha ukaingia tundu lililo nyuma ya pipa la unga. Taa ikabaki na tausi wake na giza.

Mama alitazama shubaka, akatazama pipa.

"Amekwenda nao?"

"Amekwenda nao, Mama."

"Wenye moto?"

"Wenye moshi."

"Basi lete maji, asije akatuchomea nyumba siku ya sikukuu."

Tulimwaga ndoo nzima kwenye tundu lile. Mimi nilikuwa nimeshika na ufagio, nataka nimvizie akitoka nimpe haki yake, lakini Mama alinikamata mkono. "Utampiga leo? Panya ni kipando cha mungu Ganesha! Mwenyewe anaingia humu jioni hii kuabudiwa, atauliza amefunga wapi mnyama wake, utamjibu nini?"

Nikaweka ufagio chini. Ndiyo taabu ya kuwa na miungu wengi, mpenzi msomaji. Hata mwizi akiingia nyumbani, ana mtu wa kumdhamini.

Ndipo Mama akakaa chini. Jioni mtaa mzima ungekuja. Ukikuta shubaka giza, jina lake lingedumu kuliko shaba: Jivkor aliyezima. Nyati wa kufugwa wa mtu akikauka maziwa, ni Jivkor. Bibi harusi akichelewa kushika mimba, ni Jivkor. Na huyo ndiye mwanamke ambaye kwa ajili ya moto ule hakuwahi hata kumuuguza dada yake.

"Tuwashe kwa kiberiti," nilisema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Watu wabebe moto wa dukani wakidhani ni wa mlimani? Dhambi ya nyumba zote hizo niiweke wapi, kwenye kopo la chevda?" Alifikiri kidogo, akafuta pua kwa ncha ya sari. "Moto wetu umezaa, Jasu. Umejaa mtaani. Ujam alichukua Diwali iliyopita, na kila tukikutana kisimani ananiambia wa kwake haujazimika hata siku moja. Mwana amepotea, wajukuu wapo. Nenda ukaniletee mjukuu."

Nilichukua kitaa chenye utambi mpya, nikakiweka ndani ya chungu chenye matundu, kile tunachochezea ngoma za Navratri, ili upepo usiniharibie kazi wakati wa kurudi. Nikavuta ushungi mpaka kidevuni, nikatoka.

Ujam alikuwa mke wa mfua masinia, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwanamke aliyeweza kujisifia hata kikohozi chake. Nilimkuta kizingitini anamalizia tausi wa unga, mkubwa kuliko wa kila mtu.

"Lo, bi harusi! Chungu cha Navratri leo? Umechelewa au umewahi sana?"

"Shangazi Ujam, Mama amenituma. Anataka kuchukua moto kwako mwaka huu."

"Kwangu?" Unga ukamwagika kwenye jicho la tausi. "Na wa kwenu una nini?"

"Mama anasema anataka kuona wajukuu walivyokua."

Alinitazama. Akatazama chungu. Kisha akanivuta ndani, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akashusha sauti.

"Utamwambia mama mkwe wako?"

"Nimwambie nini?"

"Ulizimika. Paa linavuja, mvua ikaingia pale pale."

"Mvua za mwaka huu?"

"We mtoto una maswali kama polisi! Mvua za mwaka huu, mvua za mwaka jana, mvua zote. Paa ni lile lile." Alifungua dirisha akachungulia, akalifunga. "Lakini sikutumia kiberiti, mimi si mtu wa hivyo. Nilikwenda hekaluni kwa kuhani Dayashankar nikachukua kwake. Na wa kwake ni wa kwenu, alichukua kwenu. Kwa hiyo ni yule yule mjukuu, amepitia kwa mjomba tu."

"Basi nipe huo."

"Nao ulizimika juzi. Nilipiga chafya." Akanisukuma mlangoni. "Nenda kwa mjomba. Na sikuulizi kwa nini unahangaika na chungu kitupu saa hizi, nawe usiniulize ya paa."

Hekalu la Krishna liko mwisho wa mtaa. Kuhani Dayashankar alikuwa amekaa ngazini, mbele yake jani la jalebi, vile vitamu vya shira, anazitendea haki zote. Tumbo lake lilikuwa likimtangulia kila alipokwenda, hivyo hata alipokuwa amekaa ulihisi kwamba lenyewe ndilo linalokukaribisha.

"Njoo, binti Jasu. Kula jalebi."

"Asante, Maharaj, nimefunga mpaka jioni. Mama anaomba moto. Ule mliouchukua kwetu."

"Moto wa Odhavji!" Alilamba kidole. "Ulikuwa moto mzuri sana."

"Ulikuwa?"

Alinyoosha mkono nyuma, kuelekea madhabahuni. Nikachungulia. Mbele ya Krishna, pale ilipokuwa taa, palikuwa na balbu nyekundu iliyochongoka juu kama ncha ya moto, na waya wake ukipita nyuma ya masikio ya ng'ombe wa marumaru.

"Umeme," alisema kuhani. "Mfanyabiashara mmoja ametutolea sadaka tangu nguzo zilipofika. Haunywi samli, hauogopi upepo. Krishna hajalalamika."

"Na samli tunayoleta kila wiki kwa ajili ya taa?"

Kuhani akatazama tumbo lake kwa upole, kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. "Mungu haachi kitu kipotee, binti."

"Shangazi Ujam anasema alichukua moto hapa."

"Alikuja. Nikampa. Angeondoka mikono mitupu?"

"Ulimpa moto upi?"

"Wa jiko la chai."

Nilikaa chini kwenye ngazi, chungu mapajani. Nadhani nilitaka kulia, na jalebi zilikuwa zinanukia vizuri mno kwa mtu aliyefunga.

"Sikiliza," alisema. "Moto ni mmoja. Ulio kwenye jua, ulio tumboni mwa mtu, ulio kwenye kiberiti, ni huo huo. Vitabu vimesema."

"Sasa kama ni huo huo, kwa nini watu wanapanga mstari mlangoni kwetu?"

"Kwa sababu baba mkwe wako anasimulia vizuri," alisema kuhani Dayashankar, akachukua jalebi nyingine. "Kwenye kiberiti hakuna simba."

Nilirudi na chungu kama nilivyotoka nacho. Jua lilikuwa limefika juu ya mapaa. Mama alikuwa pale pale nilipomwacha, ameshaosha taa, amemfuta tausi, ametia samli mpya na utambi mpya. Ilikuwa imekamilika kama bibi harusi anayesubiri bwana aliyekimbia. Nikamsimulia yote, hata ya jiko la chai. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na Ujam ananitazama kisimani kama mimi ndiye niliyejifunza kwake!"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa paa lile!"

"Kwa paa lile."

Kisha akainuka, akiegemea ukuta. "Basi kwanza tumwondoe Lakshmi hapo, tuone kama panya ana mlango mwingine nyuma. Sitaki aje kuongeza mbele ya watu." Akashika picha kwa mikono miwili, akainyanyua kutoka kwenye msumari.

Kitu kikaanguka, kikagonga sakafu mbele ya vidole vyake.

Kilikuwa kiberiti. Si kipya. Kilikuwa kimetumika zaidi ya nusu, ubavu wake umechunwa kwa kukwaruzwa. Niliinama kukiokota, na kabla sijakifikisha usoni nikapiga chafya. Nikapiga ya pili. Kilikuwa kimejaa vumbi la kahawia kwenye kila pembe.

Tukatazamana na Mama.

Niwaambie desturi ya nyumba. Kila alfajiri, Mama akiwa uani anakamua nyati, baba mkwe aliingia chumba cha ibada peke yake akafunga mlango. Tuliambiwa anaomba. Tulitembea kwa vidole, tusimsumbue.

"Ndiyo maana anafunga mlango," alisema Mama polepole.

Alikaa tena. Alikigeuza kiberiti kile mkononi kama mtu anayekagua bamia. "Mwaka ule nilioshikwa na homa ya mvua," alisema, "kabla wewe hujaja. Nililala usiku kucha kama gogo. Niliamka jua limetoka, nikakimbia huku nikianguka, nikakuta taa inawaka. Samli imejaa. Nikalia. Nikasema Lakshmi mwenyewe ameinama akatia samli kwa mkono wake. Nilifunga siku nzima kushukuru. Watu walikuja na mashada ya maua, na yeye akasimama pale mlangoni, akavishwa yote."

"Mama..."

"Aliyavaa mpaka yakanyauka."

Nilingoja alie, au amlaani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua kiberiti, akachagua njiti, akaikwaruza. Iliwaka mara moja. Akaigusisha kwenye utambi, na utambi ukashika, ukatoa moto mzuri wa manjano, mnyoofu, usio na haya hata kidogo. Ungeuona, usingeutofautisha na wa mlimani. Mama aliutazama kitambo. Kisha akakichomeka kiberiti kiunoni, kwenye mkunjo wa sari, akaniambia nikabadilishe nguo, wageni wanakuja.

Walikuja. Uani palijaa, watoto mbele, wanawake na visahani vyao, wanaume nyuma wamenyoa mpaka wanang'aa. Ujam alikuwepo na kitaa kikubwa kuliko vyote, na aliponiona alianza kutazama nyota. Kuhani naye alikuwepo, karibu na sinia la vitafunio. Mume wangu Vallabh akaileta taa kutoka shubakani akaiweka juu ya kigoda, na baba mkwe, amevaa kilemba cha rangi ya zafarani, akaanza.

Babu wa babu alishuka mlimani. Dhoruba ilikuwepo. Mto ulikuwa umefurika, mpya huo, mwaka jana haukuwepo. Na simba walikuwa watatu. Yule mdogo, alisema baba mkwe, alilia machozi.

Nilimtazama Mama. Hakuninong'oneza kitu.

Mwisho wa hadithi kuna maneno ya desturi ambayo kila mtu mtaani aliyajua, mpaka watoto waliyachezea michezo. Baba mkwe anauliza: nani ameulinda moto? Mlinzi anajibu: Mwenyewe ameulinda. Anauliza tena, mara tatu: na mlinzi anataka nini? Mlinzi anajibu mara tatu: mlinzi hataki kitu, anataka uwake. Ndipo vitaa vinasogea.

"Nani ameulinda moto?" aliuliza baba mkwe.

"Mwenyewe ameulinda," alisema Mama, na mimi peke yangu niliona alimtazama nani.

"Na mlinzi anataka nini?"

Tayari alikuwa amegeukia watu, mkono umenyooka kumkaribisha wa kwanza, maana jibu alilijua kama anavyojua jina lake. Pakawa kimya. Akadhani ni sikio. Akageuza lile zima.

"Mlinzi anataka nini?" Safari hii kwa sauti ya mtaani.

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Ujam akarefusha shingo. Kuhani alisahau kutafuna.

Mama akasogea mbele, mbele ya wanaume wote wale, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akachukua mkono wa mumewe, ule wenye kidole cha kahawia, akachomoa kitu kiunoni, akakiweka kiganjani mwake, akamfunga vidole kimoja kimoja. Kwa mbali ungedhani anampa sukari ya baraka. Baba mkwe alifungua kidogo akachungulia. Nimemwona mtu akipata habari ya kifo, nimemwona mtu akikutwa na binti wa watu. Uso wake siku ile ulikuwa na vyote viwili.

"Mama Vallabh," alinong'ona, "watu wapo."

"Wapo," alisema Mama. "Na desturi ni mara tatu, Baba Vallabh. Umeuliza mbili. Uliza ya tatu."

Kilemba kilikuwa kimeteleza upande wa sikio lililokufa.

"Na mlinzi..." alisema, sauti imekauka kama utambi usio na samli, "mlinzi anataka nini?"

Mama akainua uso, akavuta pumzi, akajibu kwa sauti ya mtaa wa wafua shaba, ile inayoshinda nyundo:

"Mlinzi anataka kwenda Porbandar kwa dada yake, kwa basi la Ramnik, kesho asubuhi! Anataka kulala huko mpaka jua limkute kitandani. Na taa atabaki nayo Baba Vallabh, maana kuiwasha anajua!"